Nilisubiri Chainizi Ziive

Isevya, Tabora
Jumatano asubuhi

Dada Koleta,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Nasikia mpunga umekubali huko Ziba mwaka huu, nikafurahi. Huku baridi ya asubuhi na vumbi vinatuandama, ila mwili wangu mzima. Ya moyoni nimeamua kuyaandika, maana kwenye simu nikianza kujitetea unanikatia.

Dada, nimekuwa mkulima wa mboga. Usicheke. Wifi yako Julieth alipoondoka baada ya Pasaka aliacha matuta matatu ya chainizi nyuma ya jiko, miche midogo yenye vikonyo vyeupe. Siku ya nne nikaikuta imelala kwa kiu, nikaona haya. Nikaimwagilia, nikaifunika nyasi kama kitalu cha tumbaku, alivyotufundisha marehemu baba kule Sikonge. Baada ya siku mbili ikainuka.

Kuanzia hapo nikawa siambiliki. Zilipotoa maua niliyakata ili majani yanenepe. Kisha nikasubiri majani ya chini yaanze kuwa ya njano, maana jani bichi halichumwi, si ndivyo tulivyolelewa kwenye tumbaku? Jirani yetu Mama Imakulata alichungulia uani akaniuliza nachelewesha nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba bado hayajaiva. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanieleza kuwa chainizi huchumwa ikiwa kijani na laini, na kwamba kilichokuwa kinakuja ni kuoza tu. Nikang'oa, nikapanda upya. Hizi za sasa, ukizikaanga na kitunguu na nyanya, ugali unakwisha hujakaa sawa.

Mama Imakulata hana siri. Habari zikamfikia Julieth kwao Kitete, na Jumamosi akaja kujionea. Akasimama kwenye matuta, akanitaka nirudie maneno yale ya kuiva. Nikayarudia, akacheka. Nilikuwa nimekikosa kicheko hicho kwa miezi mitatu, dada, na nilitaka kulia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nilikwambia Julieth amekwenda kumuuguza mama yake. Ukamtumia mgonjwa kuku, ukamtolea nia kanisani. Mama mkwe wangu hajaugua hata mafua. Julieth aliondoka kwa sababu yangu. Siku walipokuja wenzangu wa kazini, aliwaandalia ugali na chainizi alizolima kwa mikono yake. Nikaona aibu kwamba hapakuwa na nyama, nikaisukuma sahani mbele yao, nikasema mimi si mbuzi. Wageni wakacheka. Yeye akakusanya vyombo. Kesho yake akafunga nguo zake. Nikakudanganya kwa sababu wewe ndiye uliyekwenda kwao kunisemea nilipoposa, ukawaahidi kwamba ndugu yako ana adabu.

Nimemwomba radhi. Amesema ameipokea, lakini harudi nyumbani mpaka wewe uliyetoa ahadi ile uujue ukweli kutoka kwangu, kisha umwambie kama bado unaisimamia. Sharti hilo ni la haki.

Barua hii nimempa Julieth mwenyewe ailete, na ameisoma. Kwa hiyo unapofika mstari huu yumo nyumbani mwako, anakutazama usoni. Usinitetee, dada. Ila kama lipo neno jema juu yangu ambalo ni la kweli, tafadhali mwambie.

Salamu nyingi kwa shemeji Ngassa na wote wa hapo.

Mdogo wako,
Wenceslaus