Jina la Pili Kwenye Tiketi ya Jeddah

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kampung Tebuan, Kedah. Tarehe 4 Novemba 2024, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Noraidah binti Shafei. Umri: miaka 47. Kazi: mshonaji. Makazi: nyumba namba 16, Lorong Cempedak.

Mimi ni mke wa Zulkarnain bin Yub. Kwa miaka sita tumekusanya pointi za ndege kwa kadi yake ya benki, pamoja na vocha moja ya mwenzi: ukikata tiketi yako kwa pointi, wa pili anapanda bure. Vocha ilikuwa inaisha tarehe 3 Novemba. Nilitaka Tokyo, siti za mbele, maana kuitumia vocha kwenye tiketi rahisi ni kuitupa. Yeye huniita Yah; kila nikimuuliza, "Tutaona, Yah." Nikajua ameshaona, ila hataki kusema.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, saa 8 mchana, alikwenda msikitini akaacha simu. Niliifungua. Kwenye orodha ya watu watano anaoruhusiwa kuwapa pointi, nilikuwa nimeondolewa. Kwenye nafasi yangu alikuwapo Kalsum binti Mat Saman. Tiketi mbili za Jeddah, tarehe 3 Novemba. Sikumjua Kalsum yeyote. Hapa kwetu wapo wanaume wanaovuka mpaka kuingia Thailand, wanaoa kimya kimya, na mke mkubwa anakuja kujua siku ya mirathi. Nilisema mimi sitakuwa huyo.

Sikumuuliza kitu. Nilimpikia, akala. Kesho yake nilikuja hapa nikaripoti kwamba pointi zimeibwa, kisha nikatuma nakala kwa shirika la ndege kwa kutumia barua pepe ya mume wangu. Walijibu kwamba akaunti na tiketi zimezuiwa kwa uchunguzi. Jibu hilo nililifuta.

Jana saa 12:10 asubuhi aliniaga, eti anakwenda semina ya siku tisa Ipoh. Nilimfuata kwa teksi hadi uwanja wa ndege Penang, nikajibanza nyuma ya nguzo. Binti wa kaunta alimwambia, "Samahani bwana, tiketi hizi zimeripotiwa kuwa za wizi." Nikajitokeza, nikamwambia mume wangu, "Haya Abang, nitambulishe mke mwenzangu."

Kwenye kiti cha magurudumu alikuwa Mak Uda, shangazi aliyemlea mume wangu, miaka 81, amevaa nyeupe kwa ajili ya umra. Ukoo mzima tunamwita Mak Uda. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, sijawahi kuuliza jina la kwenye kitambulisho chake.

Zulkarnain alisema, "Ningekuambia, ungekubali kuiacha Tokyo?" Nisingekubali.

Hata ripoti ikifutwa, kuifungua akaunti kunachukua siku kumi na nne. Vocha imeisha jana hiyo hiyo. Pointi zinatosha mtu mmoja, na Mak Uda hawezi kusafiri peke yake.

Mak Uda hasikii vizuri, hakuelewa lolote. Alinishika mkono akasema, "Noraidah, mwanangu, umeacha kazi zako zote uje kuniaga."

Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema kwa hiari yangu. Naomba ripoti yangu ya tarehe 13 Oktoba ifutwe.

Sahihi: Noraidah Shafei

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekiri ni sahihi. Nimemweleza kwamba kufuta ripoti hakurudishi vocha. Amesema anajua.
Sajini Thanabalan a/l Muniandy