Karatasi ya Buluu ya Baba

Herkimer,
New York.
3 Desemba, 1848.

Mpendwa kaka Asahel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mnaendeleaje huko Wisconsin? Wifi Drusilla kikohozi kimemwacha? Na watoto, wameizoea baridi ya huko? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna raha, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, Baba. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, sasa huona mwanga na vivuli tu. Tangu Oktoba kifua kinambana. Daktari ameacha kuagiza dawa, siku hizi huja kumsalimia tu na kuondoka.

Habari za chama chetu kupasuka najua zimewafikia. Tangu wajumbe wa New York waende kwenye mkutano mkuu wa chama Baltimore wakiwa makundi mawili, kila kundi likidai lenyewe ndilo Wademokrati halisi, hapa mjini hakuna aliyekunywa sida yake ya matofaa kwa amani. Baba alibaki na wakongwe waliomtaka Cass awe rais. Mdogo wetu Jotham alikwenda mkutanoni Buffalo mwezi wa Agosti, akarudi mtu wa Van Buren, aliyegombea dhidi ya Cass, mmoja wa hao wanaoitwa Wachoma Ghala, kwa mfano wa mkulima aliyechoma ghala lake ili aue panya, wasiotaka utumwa ufike kwenye ardhi tuliyotwaa Mexico.

"Panya wawili tu, unachoma ghala zima?" Baba alimuuliza mezani.

"Ghala lenyewe mmeshawauzia wenye watumwa, Baba! Mmebaki kugombania vyeo vya posta."

Baba alimfukuza pale pale, chakula hakijaisha. Jotham akaapa hatakanyaga hapa mpaka Baba awaache wakongwe wake. Baba naye akaapa hatamfungulia mlango mpaka awaache wahuni wake. Septemba wifi Keziah akajifungua mtoto wa kiume, na Jotham akampa jina la Martin, kwa makusudi kabisa, la Van Buren huyo huyo. Baba hakumshika hata siku moja. Alikuwa akiniuliza tu, "Yule mtoto wa jirani anaendeleaje?" Miezi mitatu, kaka, nyumba mbili zinatazamana, na mimi katikati nabeba siagi na matusi.

Ukiniuliza, kwa hoja nilikuwa upande wa Jotham, na kwa adabu upande wa Baba. Lakini mwanamke haulizwi.

Karatasi za kura, ambazo kila kundi lilijichapia zake, ziliandikwa "Wademokrati" juu, maana hakuna aliyekubali kuliacha jina. Tofauti ilikuwa majina ya chini, na kwamba Wachoma Ghala walichapa zao kwenye karatasi ya buluu kwa kukosa nyeupe. Keziah alinipa moja jikoni kwake.

"Mkunjie hii, wifi. Kwani ataona?"

Nilimwambia ana wazimu. Kisha nikaitia mfukoni mwa aproni.

Asubuhi ya tarehe saba Novemba Baba aliniambia, "Nikunjie ya Cass, mama. Macho yangu ni wewe." Nikamkunjia ya buluu. Sikukosea, kaka. Ningekuwa nimekosea, ningelala usingizi.

Tulifika mapema, watu wakiwa wachache. Jotham alisimama karibu na dirisha la kupigia kura akigawa karatasi zake. Akaiona rangi mkononi mwa Baba, akaiona ikipokelewa na kutumbukizwa sandukuni. Alivua kofia, akamkumbatia mzee huku analia.

"Nisamehe, Baba. Sikutegemea."

"Umerudi mwenyewe," Baba akasema. "Nilijua tu. Nilikulea mimi."

Kila mmoja akaamini mwenzake ndiye aliyelegeza msimamo. Mimi nilikuwa garini, nimeshika hatamu za farasi.

Sasa wanakula meza moja, na Martin hulala kifuani kwa babu yake. Jotham haizungumzii kura ile, anadhani Baba anaona haya. Wiki iliyopita alianza, "Siku ile, Baba, ulipo..." nikamwaga kahawa mezani makusudi.

Na faida yake? Hakuna. Wademokrati waligawana kura zao, wapinzani wetu wa chama cha Whig wakapita katikati, na jenerali Taylor, mwenye watumwa wake Louisiana, ndiye aliyeshinda urais.

Miaka arobaini Baba amekipigia kura chama chake. Ile ilikuwa ya mwisho, nami nimemwibia. Nikimwambia, nitamnyang'anya mwana na mjukuu. Nisipomwambia, nitamzika na uongo wangu. Naona aibu, na naogopa. Nishauri, ingawa najua jibu lako halitamkuta Baba akiwa hai.

Jotham na Keziah wanawasalimu. Msalimie sana Drusilla, na umbusu Phoebe mdogo kwa niaba yangu.

Baba yuko kitini hapa, anaisikiliza kalamu. Ameuliza kama barua ni yako, na ameniagiza niandike maneno yake kama yalivyo: "Asahel, mengi yamenishinda, lakini chama changu sikukihama. Muulize dada yako, ndiye aliyenikunjia karatasi."

Nimeyaandika.

Mungu awalinde nyote na majira haya ya baridi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Lovina