Sura Niliyoiondoa kwenye Tasnifu

Tensta, Stockholm
Machi 2011

Kaka Idrisa,

Shikamoo, na amani ya Mola iwe juu yenu nyote hapo nyumbani. Kabla ya yote naulizia afya ya Mama, maana katika simu ya mwisho aliniambia mguu umepoa kwa sauti ile ile anayoitumia kusema ameshakula hali hajala. Tafadhali mpeleke akaangaliwe tena, kisha unieleze kama ulivyoelezwa wewe, bila kunipunguzia. Wifi naye anaendeleaje na ujauzito? Na wewe kifua chako, umeacha kuendesha pikipiki bila koti asubuhi?

Mimi ni mzima wa mwili. Theluji inayeyuka, na njia zimejaa changarawe iliyomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze. Viatu vyangu huingia nayo ndani, na Mama Divine hunifuata na ufagio. Huyu ndiye mama wa Kirundi aliyenipangisha chumba. Mwanga umerudi. Ningependa kusema utulivu nao umerudi, lakini nisingekuwa mkweli.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe lina pande nyingi, na kwenye simu Mama husimama kando yako akingoja zamu yake. Tena linahusu kazi yako ya uandishi wa habari kuliko kazi ya mtu mwingine yeyote katika ukoo wetu.

Unakumbuka mwaka jana nilikwenda India kukusanya habari za tasnifu. Hukunielewa, nami sikukulaumu: mtu atoke Tabora aende Sweden kusoma uandishi wa habari, kisha Sweden imtume India? Sababu ilikuwa hii. Hapa walimu wetu huzungumzia magazeti kama watu wanavyomzungumzia mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Asubuhi kwenye treni abiria hupewa gazeti la bure, hulipitisha macho vituo vitatu vinne, kisha huliacha kitini. India mambo yalikuwa kinyume. Magazeti ya Kihindi yalikuwa yanaongezeka, kila wilaya ikipata kurasa zake, na watu ambao baba zao hawakujua kusoma walikuwa wakigombania ukurasa mmoja penye duka la chai. Nilitaka kujua ni nani anayezijaza kurasa zote hizo.

Nilimpata katika mji mdogo wa katikati ya nchi, mji wa viwanda vya kukoboa mpunga. Anaitwa Omprakash. Ni mtu wa umri wako, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni na simu ambayo haikomi kulia. Alfajiri hupokea mafurushi ya magazeti stendi na kuyagawa kwa wauzaji. Mchana huandika habari. Jioni hukusanya matangazo. Gazeti halimlipi kwa habari hata moja, Kaka. Linampa fungu lake katika matangazo anayoyaleta, basi. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayemwandika leo kwa kumwaga maji machafu kwenye mfereji, ndiye huyo huyo atakayemwendea kesho kutwa, sikukuu ikikaribia, kumwomba anunue nafasi ya kuwatakia wananchi heri, picha yake ikiwa juu. Nilimuuliza anawezaje. Akasema, kwa Kiingereza chake ambacho kilikutana na changu katikati ya njia, kwamba mchana humwandika na jioni humwamkia, na kwamba mwenye kiwanda anaelewa kuliko mhariri.

Nilicheka, na nikakufikiria wewe na bahasha za nauli mnazopewa baada ya mkutano na waandishi. Sikufikiria kwa kukuhukumu. Nilifikiria tu kwamba mngeelewana.

Ukafika wakati wa uchaguzi. Ofisi kuu ya gazeti jijini ikawatumia waandishi wa wilayani bei: mgombea akilipa kiasi fulani anapata habari na picha, akiongeza anapata mahojiano, akiongeza zaidi mpinzani wake hatajwi kabisa. Na habari hizo hazikuwekewa alama yoyote ya tangazo. Zilipangwa kama habari nyingine, herufi zile zile. Omprakash aliziandika. Angekataa, wakala mwingine alikuwa anangoja nafasi yake.

Lakini alikuwa na desturi yake. Habari aliyoifuatilia mwenyewe na kuiamini aliitia jina lake. Iliyonunuliwa aliiacha kwa "Mwandishi Wetu". Mhariri jijini hakujali. Kwake lilikuwa suala la nafasi tu. Pale mjini kwao, hata hivyo, watu walikuwa wanajua. Niliwaona kwa macho yangu penye duka la chai: mzee mmoja fundi cherehani hulifungua gazeti na kidole chake huenda kwanza juu ya habari, kutafuta jina, kabla hajasoma neno. Asipoliona, hucheka kidogo na kugeuza ukurasa. Omprakash akaniambia kwamba wenzake katika miji ya jirani nao wanafanya hivyo hivyo. Hawakuwahi kukaa kikao kulipanga. Lilitokea tu.

Utaona kwa nini nilirudi huku kama mtu aliyeokota almasi. Sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa juu ya jambo hilo. Msimamizi wangu, Kerstin, (hapa hata profesa huitwa kwa jina lake la kwanza, na ulimi wangu ungali unasita) aliisoma na kusema kwamba sura nyingine ni muhtasari mzuri wa kazi za watu, lakini hii ni yangu. Alisema pia kwamba kwa sura hiyo angeniunga mkono nikiomba nafasi ya kusomea shahada ya udaktari.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Kwa sheria ya hapa, karatasi ikishapokelewa na chuo cha umma ni mali ya wananchi. Yeyote anaweza kuiomba, na hairuhusiwi hata kumuuliza ni nani na anaitakia nini. Ndiyo ile sheria niliyoisifu sana kwako nilipofika. Tena tasnifu huwekwa kwenye mtandao, na mtu wa India anaisoma siku ile ile anayoisoma mtu wa Stockholm. Nilimweleza Kerstin. Akanishauri nibadilishe jina la mtu na jina la mji, kama ilivyo kawaida ya utafiti. Ni ushauri sahihi, ila hautoshi. Siri hapa si mtu, ni desturi yenyewe. Mgombea akishajua kwamba habari isiyo na jina haiaminiki, atadai jina, na atalipa ili lije. Siku hiyo mzee fundi cherehani hatakuwa tena na pa kuweka kidole, wala katika mji wa Omprakash wala katika miji ya wenzake.

Nililizungumza jikoni tukila. Divine, binti wa mwenye nyumba, ana miaka kumi na minne. Husemeshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiswidi. Akasema hakuna la kuogopa, nibadilishe jina tu, yeye kwenye mtandao ana majina matatu.

"Weye badilisha hata kumi," mama yake akamwambia, "nani anakutafuta?" Kisha akanigeukia. "Rehema, kwetu nimeona jina ya mutu ikiandikwa, na huyo mutu akahama usiku. Wengine hawakupata nafasi ya kuhama. Jina ya mutu si yako ya kutoa. Umemuuliza mwenyewe?"

Nilikuwa nimemuuliza kule kule, akaniambia niandike tu, nani atasoma habari za mji wake huko kwenye barafu. Nikaona idhini ya namna hiyo ilitolewa kwa kuamini kwamba mbali ni mbali. Basi nikanunua kadi ya simu pale kituoni, nikampigia. Nilimweleza kwa utaratibu hatari yote: mtandao, ofisi yake, wagombea, wenzake. Nikamwambia nimeazimia kumficha kabisa, jina, mji, hata viwanda vya mpunga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Dada, ulichoandika ni kweli?"

Nikamjibu kwamba ni kweli, kadiri ninavyojua.

"Basi tia jina langu. Ukiliacha, mimi nitaisomaje?"

Nilisema laini ni mbovu.

Kwa siku kadhaa nilizunguka na swali hilo kwenye treni, maktabani, hata katika swala. Kwa kipimo chake mwenyewe, nikimficha nimeandika habari ya kununuliwa, na aliyeninunua ni hofu yangu. Nikimtaja, nimemfukuzisha kazi na nimewanyang'anya desturi yao wengine ambao sikuwahi hata kuwaona. Na kuna upande wa tatu ambao naona haya kuutaja baada ya kumsifu kote huku. Pale penye duka la chai walikuwa wanaume wenye kusoma. Mama mmoja mwuza mboga, niliyemwona akisomewa gazeti na mwanawe, hakuwahi kusomewa jina la mwandishi. Alisomewa habari, akaiamini, akaenda kupiga kura. Je, desturi ile ni uaminifu, au ni njia ya mtu mwema ya kulala usingizi? Nikinyamaza, ninawalinda waandishi wanyonge. Ninawalinda pia wauzaji wa habari. Nimeandika hitimisho mara mbili, kila moja likipinga lingine, na yote mawili niliyaamini siku nilipoyaandika.

Mwishowe niliiondoa sura ya nne. Nimewasilisha tasnifu bila hiyo. Kerstin hakunigombeza, alitikisa kichwa, akasema anauelewa uamuzi wangu ingawa yeye asingeuchukua, na kwamba nafasi ya udaktari sasa nisiitegemee. Nitafaulu, lakini kwa kazi ambayo mtu yeyote mwenye kadi ya maktaba angeweza kuiandika. Nakuomba umweleze Mama taratibu, kwa kuwa najua amekwisha waambia majirani kwamba anapata daktari.

Nilimpigia Omprakash kumwarifu. Nilitegemea atashukuru, au walau atapumua. Akasema, "Kumbe ulikuja kunywa chai tu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. Halafu akaniomba nimtumie sura hiyo, karatasi zote. Rafiki yake mmoja, aliyefukuzwa na gazeti lile lile, sasa anachapisha jarida dogo la kila wiki kwa gharama yake. Omprakash anataka kuifasiri kwa Kihindi, aikosoe nilipokosea, na kuichapisha humo kwa jina lake mwenyewe. Nikamkumbusha kazi yake. Akasema kazi anaijua. Nikamkumbusha wenzake katika miji mingine. Hapo akasema atawaendea mmoja mmoja kwanza, na asiyetaka atamwacha nje. Nikamuuliza wakikataa wote je? Akasema basi atayaandika ya kwake peke yake, na kwamba ile ya mama mwuza mboga, niliyomsomea kwenye simu, niiache palepale nilipoiweka, kwa kuwa hakuwahi kuifikiria, na imemkosesha raha.

Nimekwisha ichapa. Kurasa zimo ndani ya bahasha, na bahasha nimeifunga. Nimebishana na nafsi yangu kwamba sina haki ya kumpa mtu kisu cha kujikatia riziki. Nikajijibu kwamba maneno ni yake, mji ni wake, na jina, kama alivyosema Mama Divine, si langu la kutoa, kwa hiyo wala si langu la kuzuia. Sina hakika. Siku nikisikia amefukuzwa, nitajua ilitokana na bahasha niliyoifunga kwa mikono yangu, na hakuna hoja ya chuoni itakayonisaidia. Siku nikisikia ameichapisha na mji wake umemsimamia, sitakuwa na sababu ya kujisifu, maana mimi niliiondoa.

Wewe unayeishi kwa kazi hii, niambie bila kunihurumia: ungekuwa yeye, ungetaka nifanyeje? Jibu lako halitabadili kitu kwa Omprakash, kwani barua hii itafika nyumbani baada ya yake kufika kwake. Nataka tu kujua kama dada yako amefanya jambo ambalo mwandishi wa mkoani angelielewa.

Mpe Mama shikamoo yangu na umkandie mguu kwa niaba yangu. Nisalimie wifi, na umwambie jina la mtoto wasichague mpaka shangazi mtu atoe maoni. Baba Mdogo wa reli mwambie treni za huku nazo huchelewa, majani yakianguka kwenye njia, atafurahi. Shangazi wa Nzega mwambie kitambaa chake cha kichwa ndicho kilichonifikisha mwisho wa baridi hii, na kwamba bado kina harufu ya sanduku lake.

Asubuhi nitashuka na bahasha zote mbili dukani, huko ndiko posta ilikohamia, kati ya viazi na maua. Ya India ndiyo nzito. Niombee dua, na umwombee na yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema