Sheria ya Babeli Mlangoni mwa Mto

Alhamisi. Mvua ilipita alfajiri, sasa jua linawaka na ziwa limetulia kabisa. Nikikosea herufi leo mnisamehe.

Nimefunga mlango kwa komeo. Tangu nihamie huku sijawahi kufunga mlango mchana.

Mnaonisoma siku zote mnanijua: mwalimu wa historia, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Matiri, niliyepangiwa shule huku chini ziwani. Wanafunzi wananiita Madam. Watu wengine wananiita yule Mmatengo, mtu wa milimani, nami sijawahi kuona ubaya, maana hao hao wananiletea usipa, dagaa wa ziwa hili, mlangoni bila kuombwa. Nilikuwa najiona nimeshakuwa mtu wa hapa.

Leo nimewaogopa. Nawaogopa hata sasa ninapoandika.

Nianze na Jumatatu, la sivyo hamtanielewa. Kidato cha tatu tulikuwa kwenye ustaarabu wa kale: jinsi watu walivyolima kando ya mito mikubwa wakapata chakula cha kutosha na kubaki, miji ikakua, wakaja makuhani na waandishi, halafu wafalme waliohukumu kwa jina la miungu yao. Nilifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Nyuso zilikuwa zimelala. Nikageukia Kiswahili, na darasa likaamka.

Ndipo nikawaeleza kuhusu mfalme wa Babeli aliyechonga sheria zake kwenye jiwe. Mojawapo inahusu uchawi. Mtu akituhumiwa kwamba ni mchawi, na hakuna ushahidi, anakwenda mwenyewe kujitosa mtoni. Mto ukimchukua, alikuwa na hatia. Kwa watu wale mto ulikuwa mungu, nikasema, na mungu ndiye aliyekuwa hakimu.

"Hiyo ndiyo haki, Madam," akasema mmoja wa dirishani. "Mto hauli rushwa!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nikacheka. Kengele ikalia tukiwa hapo hapo, nikafuta ubao.

Ningeliacha somo lile kwenye Kiingereza, lisingetoka nje ya lile darasa. Kwa Kiswahili lilifika majumbani kabla ya ugali kuiva.

Jumanne jioni mamba alimkamata Sikujua.

Sikujua ni binti wa jirani, ameolewa juzijuzi, anaanika usipa na mama yake. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga pale mto unapoingia ziwani, mahali ambapo sote tunaosha vyombo, mimi pia. Mamba akamshika mkono. Kaka yake, Osmund, alikuwa karibu anafunga mtumbwi. Akaingia majini na kasia, akampiga yule mnyama kichwani mpaka akaachia. Sikujua akapelekwa hospitali, hai, lakini mkono umechanika kuanzia begani. Kelele zile nilizisikia nikiwa jikoni. Nilidhani watoto wanacheza.

Huku hawasemi mamba amekamata mtu. Wanauliza nani amemtuma.

Jana mchana jina lilikuwa limeshapatikana: Mama Edina. Ni mjane wa makamo, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, anaimba kwaya Kanisa la Anglikana na hana mtoto hapa kijijini. Wiki iliyopita aligombana na Sikujua kwa sababu ya kichanja cha kuanikia usipa. Kila mtu alimsikia akisema, "Haya, utaona." Ni maneno tunayosema wote tukikasirika. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kila siku.

Asubuhi hii nilikuwa najiandaa kwenda shule aliponijia Mwalimu Kandida, tunayefundisha naye. Alikuwa anahema.

"Wamemtoa Mama Edina ndani. Wanampeleka mtoni."

"Kufanya nini?"

Akaniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. "Wanasema avuke. Wanasema ndivyo Madam alivyofundisha."

Niseme ukweli wa nilichofanya kwanza. Nilikaa kitandani. Nilifikiria basi la kwenda Mbinga, kwamba nikitoka sasa hivi nalipata, na nyumbani Matiri mama atanipokea bila kuuliza. Nilifikiria kwamba mimi ni mgeni na mgeni akiwatetea wachawi naye ni mchawi. Kandida alisimama mlangoni, ananiangalia. Sijui kama nilisimama kwa ujasiri au kwa aibu ya kuangaliwa.

Tulikwenda.

Pale mlangoni mwa mto walikuwa wengi, wavuvi, akina mama wenye mabeseni, hata baadhi ya wanafunzi wangu wenye sare. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwenda wilayani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, lakini alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani akakuta hajui ampe nani pole. Mama Edina alikuwa mbele ya wote, miguu peku, maji yakimgusa vidole. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia ng'ambo, pale kwenye matete.

Nikawasikiliza. Walikuwa wanabishana juu ya hukumu. Mvuvi mmoja alisema akivuka salama basi hana hatia, aachwe. Mwingine akasema sivyo, akivuka salama ndiyo ushahidi kwamba mamba ni wake, maana mamba hamgusi bwana wake. Wakavutana hivyo, kwa sauti za kawaida kabisa, kama watu wanaobishania bei ya nyavu.

Nikaelewa kwamba vyovyote itakavyokuwa, yule mama hatoki.

Osmund akaniona. Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala tangu Jumanne. "Huyu hapa Madam mwenyewe," akasema. "Madam, waambie. Mwenye hatia mto unamchukua. Si ndivyo?"

Watu wakageuka. Nyuso zote nilizokuwa nazisalimia kila asubuhi. Nilifungua mdomo nikiwa nataka kusema kwamba ule ulikuwa ujinga wa watu wa kale, kwamba mamba ni mnyama mwenye njaa tu. Nilijua nikilisema hilo hawatanisikia, na mimi nitakuwa wa pili kuingia majini. Sijui lile jingine lilitoka wapi. Labda lilitoka kwa sababu ndilo nililokuwa sijalimaliza darasani.

"Ndivyo," nikasema. "Lakini sheria ile ina nusu ya pili. Kengele ililia sijaifikia."

Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ya mtoto. Mvuvi mmoja wa nyuma akasema, "Sema kwa nguvu, Mwalimu."

Nikasema kwa nguvu. Kwamba Babeli mtu hakutoswa na kundi. Alikuwepo mtu mmoja anayemshtaki, anayejulikana kwa jina. Na mto ukimrudisha mshtakiwa akiwa mzima, basi yule aliyemshtaki anauawa, na nyumba yake anapewa aliyesingiziwa.

"Kwa hiyo kwanza ajitokeze mshtaki," nikasema. "Aseme jina lake hapa, mbele ya mwenyekiti. Nani anamshtaki Mama Edina?"

Watu wakaangaliana.

Nilisikia maji yakipiga mitumbwi. Osmund akapiga hatua moja mbele, akafungua mdomo, na hapo mama yake, mama yake Sikujua, mwanamke ambaye ana haki ya kumchukia kila mtu wiki hii, akamshika shati kwa nyuma.

"Usitaje jina lako," akamwambia. "Nina mmoja hospitali. Usinitajie jina lako."

Akavuta mpaka kifungo kikakatika. Osmund akarudi nyuma.

Mwenyekiti akavaa kofia, akapata sauti. Akasema watu watawanyike, askari wa wanyamapori watapigiwa simu waje wamtafute huyo mamba, na kuanzia leo hakuna kuosha vyombo mlangoni mwa mto. Wakaanza kuondoka, mmoja, wawili, bila kuangaliana. Wanafunzi wangu walinipita wakiwa wameinamisha vichwa.

Mama Edina aliketi mchangani. Hakuwa ameingia majini zaidi ya vidole, lakini kitenge chake kilikuwa kimelowa. Kandida akavua khanga yake akamfunga.

Nilimwinamia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Halafu akauliza, "Ni wewe uliyewafundisha?"

"Ni mimi, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Huyo mfalme wenu mimi alinijulia wapi?"

Nilimshika mkono nikamsaidia kusimama.

Ameondoka na gari la saa tano, mwenyekiti mwenyewe amempandisha, anakwenda kwa binti yake aliyeolewa Kitai. Nilibeba begi lake mpaka kituoni. Alinipokonya begi pale mlangoni mwa gari, akapanda, akakaa dirisha la upande wa pili. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Nyumba yake imefungwa. Kuku wake wanazunguka uani, wanatafuta mtu wa kuwamwagia pumba.

Nilirudi nikafunga mlango. Baada ya hapo ndipo hofu ilipokuja yote, kwa pamoja, kama ilikuwa inanisubiri nikae. Nikafikiri: je, kama Osmund angenyoosha kidole, akasema ni mimi, naitwa fulani, na nyumba yangu ile pale? Kuna watu wenye uchungu wa kutosha kufanya hivyo. Mimi niliweka maisha ya mwanamke kwenye kubahatisha kwamba hakuna aliye na uchungu kiasi hicho. Sikuwaambia kwamba sheria ile ni mbaya. Niliwaambia ni nzuri lakini ina masharti. Siku moja atapatikana mtu wa kuyatimiza.

Muda si mrefu kabla sijaanza kuandika, mlango uligongwa. Ukagongwa tena.

"Madam, ni mimi Osmund. Sikuja kwa ubaya."

Nilifungua kidogo, mguu nimeuweka nyuma ya mlango. Alikuwa amenawa uso. Alisema wamepiga simu kutoka hospitali, Sikujua ameamka, ameomba chai. Mkono watajaribu kuuokoa. Alipoulizwa aliona nini, alisema aliona mamba.

"Namshukuru Mungu," nikasema, na nilimaanisha.

Hakuondoka. Alikuwa anaangalia chini. "Ile sheria, Madam. Ya nusu ya pili. Ni ya kweli, au uliitunga pale pale?"

"Ni ya kweli."

"Afadhali usingetufundisha kabisa," akasema, akaenda zake.

Nimeyageuza maneno hayo huku na huku na sijui kama yalikuwa ni ushauri au onyo. Kandida anasema niombe uhamisho. Mama amenipigia kutoka Matiri, habari zimeshapanda mlima kabla yangu, analia, anataka nirudi.

Kesho kidato cha tatu wana kipindi cha historia, cha kwanza kabisa asubuhi. Watakuwepo waliopiga makofi Jumatatu, na baadhi yao leo walikuwa pale mtoni na sare zao. Naogopa kuwaangalia machoni kuliko ninavyomwogopa yule mamba. Nataka kuwauliza swali moja tu, kwa Kiswahili, niwape muda wote wa kipindi kulijibu: Mama Edina angevuka akafika ng'ambo, mngemfanya nini?

Halafu nitanyamaza, nisikilize. Nikiweza kufungua hilo komeo asubuhi, nitakwenda.