Gari halitaki baridi

Rumonge, Jumatano jioni. Jua limewaka mchana kutwa, na upepo wa ziwani umeanza sasa hivi tu. Sina utulivu.

Kesho asubuhi Mama anatakiwa awe hospitalini Bujumbura kupasuliwa jicho. Ni la kulia, ndilo pekee linaloona bado, na linafifia. Daktari ni mgeni. Akimaliza kesho anaondoka. Mabasi madogo siku hizi huondoka yakipata mafuta, na hakuna anayejua yatayapata lini. Tunalo gari langu, na gari langu tangu wiki iliyopita linaumwa asubuhi.

Linawaka kwa shida, linatetemeka, linatoa moshi mweupe, na nikilikanyagia mafuta linazima. Likishapata moto linatulia. Jumatatu alfajiri lilinizimikia kwenye kona nyembamba kabla ya Magara, njia hiyo hiyo ya Bujumbura, lori likiwa nyuma yangu. Nilikuwa peke yangu. Tangu siku hiyo, kila nikiifikiria kona ile, namwona Mama ameketi pembeni yangu.

Mara mbili nililipeleka kwa fundi Hamisi. Mara zote mbili nilifika garaji injini imeshapata moto na imetulia. Alibadilisha plagi zinazoipasha injini kabla ya kuwaka. Hakuna kilichobadilika. Nilikuwa kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari homa ikiwa imeshashuka.

Jana Hamisi alichoka nami.

"Usiiwashe," alisema. "Nitakuja kwako kisha sala ya alfajiri. Nataka niikute imelala."

Leo alikuja, na kabla ya kugusa ufunguo alifungua chujio la mazutu. Mazutu, yaani dizeli, yalipaswa kutoka humo yakiwa safi. Chujio lilikuwa limejaa uji mzito wa rangi ya machungwa. Akaupaka kidoleni, ukayeyuka. Mke wangu Zaituni alikuwa anapita na sufuria, akasimama, akanusa.

"Hiyo iko mawese. Munapikia gari?"

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Mama, kutoka ndani.

Mawese huganda alfajiri na kuyeyuka jua likipanda. Kila jiko la Rumonge linalijua hilo. Hata mimi nalijua. Sikuwahi kulifikiria chini ya boneti.

Mazutu nilipewa na Salumu, kaka yake Zaituni, anayeuza mawese ya Kizuka. Kituo cha mafuta hakina kitu, kwa hiyo kila mtu anaweka akiba kwenye bidoni, yaani madumu, alizonazo, na bidoni za Salumu ni za mawese. Nilimwita. Alikuja mbio.

"Niliziosha, shemeji. Wallahi niliziosha."

"Kwa maji gani?"

"Ya ziwa."

"Ya moto?"

"Ya ziwa tu."

"Ungetia na chumvi," Hamisi alimwambia, "tukaange ndagala wa humo humo ziwani."

Sikuweza kumkasirikia. Salumu alitupatia mazutu yake yote. Lori lake limesimama kwa ajili ya jicho la Mama.

Ndiyo maana hatukuweza kuyamwaga. Hakuna mengine. Tuliyatoa tangini asubuhi ile ile, kabla jua halijayapasha, tukayachuja kwa kitenge kipya ambacho Zaituni alikitoa bila kuombwa. Yaliyoganda yalibaki juu ya kitambaa. Tukachuja tena. Tukasafisha tangi, tukaweka chujio jipya.

"Imetoka yote?" nilimuuliza Hamisi.

"Imetoka ile iliyoganda. Iliyobaki itajisema yenyewe kesho."

Alasiri niliwasha. Gari liliwaka mara moja, likavuma vizuri. Kwa joto lile lingevuma vizuri hata lingekuwa bovu.

Mama aliniita, akauliza kama limepona. Nilimwambia linavuma vizuri. Ni kweli, na si jibu. Alisema, "Basi sawa, mwanangu," akaendelea kukunja nguo za safari.

Hamisi amekubali kuja nasi. Atakaa nyuma na spana zake na chujio la akiba. Tutaondoka mapema kuliko tulivyopanga, ili injini ikizima njiani tuwe na muda wa kulifungua chujio, na ikibidi, kusubiri jua. Hakuna kingine ninachoweza kufanya usiku huu.

Nilitaka kesho niliwashe gari kwanza, Mama akiwa bado ndani ya nyumba, ili kama ni habari mbaya niipate peke yangu. Amekataa. Anataka awe ameshakaa mbele nitakapogeuza ufunguo. Haoni vizuri, lakini injini ataisikia pamoja nami.