Mkaa Wako Tumefukizia Udi

Shikamoo Bibi,

Tumefika salama kwa dada Zuwena huku mlimani Jabal Akhdar. Baridi inauma mpaka masikio. Asubuhi maji ya ndoo nje yalikuwa yameganda. Mume wa Zuwena alipowasha AC, na mtoto wao mchanga kalala pale pale, Mama alidhani anazidisha baridi, ila kwa adabu ya ugeni akajifunika tu kanga mbili. Mara likatoka joto.

Shemeji akasema mashine inalichota joto nje na kulileta ndani. "Nje kuna joto gani, mwanangu?" Mama akauliza. "Lipo, ila kidogo," akamjibu, akampeleka kushika upepo wa lile sanduku la nje. Ulikuwa baridi kuliko mlima wenyewe. Mama karudi, kajiweka chini ya hewa ya moto na magoti yake yanayomuuma.

Ule mkaa uliotupatia wa kumwotesha moto Zuwena siku zake arobaini za uzazi hatukuuwasha chumbani. Uzazi wake wa kwanza moshi ulimtia mtoto kikohozi. Huyu analala, na mamake analala. Tunaufukizia udi tu magharibi, na nyumba yote inanukia kama kwako Ibra.

Mungu akuweke uje umpakate.

Mjukuu wako,
Salma