Heshima ya Mlangoni

Kizota, Dodoma

Kaka Zablon,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama amevuna karanga zake Kongwa, na upepo wa kiangazi unatujaza vumbi machoni. Lile ghala la kukamulia alizeti nimeshalipaka rangi. Harufu ya mafuta tu ndiyo imegoma kutoka.

Kibali cha kuligeuza ukumbi wa karate bado. Kuna mtu amepinga, eti makelele yetu yatamsumbua. Kaka, upande mmoja kuna mashine ya kusaga, upande wa pili wanachomelea mageti kutwa. Atatusikiaje?

Jumanne ofisa wa mipango miji alikuja kukagua pamoja na huyo mlalamikaji, kijana mpole aliyejitambulisha kuwa mpangaji wa nyuma. Wapangaji wa nyuma nawajua wote. Yeye sijawahi kumwona. Ofisa aliingia na viatu vyake. Kijana alivua, akagusa mwimo wa mlango kwa kiganja, ndipo akainama. Hakuna aliyemwambia.

Kuinama, kila mcheza karate huinama. Kugusa mwimo kwanza alitufundisha marehemu baba, na siku hizi anayefundisha hivyo ni wewe tu, huko Morogoro.

Krismasi uliniambia niache mambo ya ghala, nije nifundishe chini yako. Nikakataa, ukacheka. Nikadhani yameisha.

Msalimie wifi. Ofisa anatuita tena Ijumaa, mimi na anayepinga. Safari hii njoo mwenyewe, Kaka. Mlango unajua unavyoguswa.

Mdogo wako,
Yudith